Mfuko wa plastiki au wa karatasi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Upi unaharibu mazingira zaidi, wa plastiki au wa karatasi?

Inategemea unapimia wapi. Ukipimia kiwandani, karatasi ndiyo ghali zaidi: inakula miti, maji, kemikali na nishati nyingi, na mfuko wake ni mzito mara kadhaa. Ukipimia mtaroni, ufukweni au tumboni mwa ng'ombe, plastiki haina mtetezi. Wengi wanaobishana juu ya jambo hili wanasema kweli, ila kila mmoja anautazama mfuko akiwa amesimama sehemu tofauti ya safari yake.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa miji yetu, ambako taka nyingi hazizolewi, ile plastiki nyembamba ya kupewa bure ilistahili kuondoka. Lakini kupokea mfuko wa kaki kila asubuhi na kuutupa jioni bado ni uharibifu, umebadilisha sura tu. Kinachopunguza madhara kwelikweli ni kubeba chombo kimoja, kile kile, mwaka mzima.

Nimesikia utafiti wa Uingereza uliona plastiki ni nafuu kuliko karatasi. Ni kweli?

Ni kweli, na unafaa kusomwa wote. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha utafiti uliofuatilia mifuko ya supamaketi tangu malighafi hadi inapotupwa. Mfuko mwembamba wa plastiki ulikuwa na uzito wa gramu 8 hivi, wa karatasi gramu 55. Tofauti hiyo peke yake inaeleza mengi. Tani moja ya plastiki inatoa mifuko ipatayo 125,000, ilhali tani moja ya karatasi inatoa kama 18,000 tu. Kila gramu ya ziada imechimbwa au imekatwa mahali, imechemshwa, imekaushwa, ikapakiwa kwenye lori.

Kwa upande wa gesi zinazoongeza joto duniani, utafiti ule uliuliza: kila aina ya mfuko itumike mara ngapi ndipo ilingane na mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja? Karatasi mara 3. Plastiki nene mara 4. Ile mifuko laini ya polipropilini, inayoonekana kama kitambaa, mara 11. Pamba mara 131. Na kama mifuko yote myembamba inatumika tena nyumbani kuwekea taka, karatasi inapanda hadi mara 7 na pamba hadi mara 327.

Mwaka 2018 Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Denmark ulitoa utafiti wake, ambao ndio unaosambazwa sana mitandaoni. Huo haukuishia kwenye tabianchi. Ulipima pia maji, sumu, tabaka la ozoni na vigezo vingine, na mfuko wake wa kulinganishia ulikuwa ule wa plastiki nene kidogo unaouzwa madukani kule. Kwa tabianchi peke yake, karatasi isiyopaushwa haikuwa na deni: hata ikitumika mara moja haikuuzidi mfuko huo kwa madhara. Kwa vigezo vyote pamoja, ilitakiwa itumike mara 43. Pamba ya kawaida ilitakiwa mara 52 kwa tabianchi, na mara 7,100 kwa vigezo vyote. Hiyo 7,100 ndiyo inayopigiwa kelele, lakini wanaoisambaza mara chache huongeza kwamba imetokana na kigezo kimoja, cha tabaka la ozoni.

Muhimu zaidi ni kwamba tafiti zote mbili hazikupima madhara ya mfuko uliozagaa. Denmark, mfuko unaingia kwenye pipa, pipa linachukuliwa, taka zinachomwa kwenye mtambo unaotoa umeme na joto la majumbani. Ukiuchukua utafiti huo na kuupeleka Tandale ya Dar es Salaam au Kisumu, gari la taka na mtambo vimebaki Copenhagen. Hesabu ya kutengeneza mfuko inasafiri vizuri kutoka nchi hadi nchi. Hesabu ya mwisho wake haisafiri, kwa sababu mwisho wa mfuko unategemea mji ulipo.

Kama ni hivyo, kwa nini nchi zetu zilipiga marufuku plastiki?

Kwa sababu tatizo letu la kwanza lilikuwa mfuko usiokuwa na mwenyewe baada ya dakika ishirini.

Bangladesh ilitangulia nchi zote mwaka 2002. Mafuriko makubwa ya 1988 na 1998 yalikuwa yamefanywa mabaya zaidi na mifuko iliyoziba mifereji ya maji. Zanzibar ilitangaza katazo lake 2006, Rwanda ikafuata 2008, Kenya ikaanza tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Uganda ilitangaza mwaka 2009 kuiondoa kaveera nyembamba, yaani mifuko ya plastiki, ila utekelezaji umekuwa wa kusuasua na mifuko imekuwa ikivushwa mipakani kwa magendo.

Angalia mtaro wowote wa mjini mvua za masika zinapoanza. Mfuko mwembamba hauzami wala hauozi. Unapeperushwa, unafika kwenye nondo za kalavati, unajibana hapo. Wa pili unaushika wa kwanza. Mchanga unakaa nyuma yao, na maji yaliyokuwa na njia sasa yanaingia ndani ya nyumba. Sisemi kwamba Jangwani, jijini Dar es Salaam, inafurika kwa sababu ya mifuko peke yake. Bonde la Msimbazi lina mchanga mwingi unaoshuka kutoka juu, na watu wamejenga mahali ambapo mto ulikuwa ukijitanulia. Lakini mtaro ulioziba huko juu unaongeza maji yasiyostahili kuwapo mitaani, na huo ni mzigo unaoweza kuondolewa bila kuhamisha mtu yeyote.

Mifugo nayo. Mbuzi na ng'ombe wanaozurura majalalani hawatenganishi ganda la ndizi na mfuko uliolibeba. Wanameza vyote. Plastiki haisagiki tumboni, inajiviringisha, inajaza nafasi ya chakula, na mnyama anakonda huku tumbo limejaa. Machinjioni Nairobi wamewahi kutoa mifuko 20 katika tumbo la ng'ombe mmoja.

Halafu kuna bahari, na hapa ndipo moyo wangu unaumia zaidi. Mfuko unaoelea ndani ya maji unafanana na konyeza, chakula cha kasa. Kasa anaumeza. Kwenye mikoko, mifuko inafunika mizizi ile inayochomoza kwenye matope ili mti upumue, na mche mchanga uliofunikwa hauendelei. Mfuko wa karatasi ukifika hapo hapo unalowa, unachanika na kusambaratika ndani ya wiki au miezi. Plastiki inabaki hadi jua na mawimbi vinapoivunja kuwa vipande, kisha vipande vidogo zaidi, kisha chembe ambazo hakuna wavu wa kuzikusanya.

Mfuko uliotupwa pia unashika maji ya mvua, na mbu wanaoeneza dengi hawahitaji bwawa. Wanatosheka na kikombe.

Marufuku imesaidia?

Mitaani, ndiyo. Miiba ya kando ya barabara kuu iliyokuwa imevaa mifuko ya kila rangi imebaki miiba. Ila mlango wa nyuma haukufungwa. Zile nailoni laini zisizo na mishikio, zilizoruhusiwa kwa ajili ya kufungia bidhaa, zimegeuzwa mifuko ya kubebea sokoni: nyanya, dagaa, maandazi. Ni nyembamba kuliko rambo za zamani, ile mifuko ya plastiki yenye mishikio, na mtaroni zinafanya kazi ile ile.

Mfuko wa karatasi unatengenezwaje, mpaka uwe na madhara?

Karatasi ya kaki hutoka kwenye miti yenye nyuzi ndefu, hasa misindano. Kwa Tanzania, mfano wa karibu ni Mufindi, mkoani Iringa: kiwanda cha karatasi cha Mgololo, ambacho ujenzi wake ulitegemea msitu wa kupandwa wa Sao Hill. Magogo yanamenywa magome, yanakatwa vipande vidogo, kisha yanapikwa kwa shinikizo kubwa kwenye maji yenye magadi makali na salfaidi ya sodiamu, joto likifikia kama nyuzi 170. Kinachoyeyuka ni lignini, ile gundi inayoshikilia nyuzi za mti. Zinazobaki ni nyuzi zenyewe, na ni karibu nusu tu ya uzito wa mbao ulioingia. Rojo hiyo inaoshwa, inatandazwa, inakamuliwa na kukaushwa. Kila hatua inahitaji maji au moto.

Haki itendeke: maji meusi yanayobaki baada ya kupika hayamwagwi katika kiwanda kinachoendeshwa vizuri. Yanachemshwa hadi yawe mazito, yanachomwa, yanatoa mvuke na umeme wa kiwanda, na kemikali zinarudi kutumika. Kiwanda kikichoka au kikiendeshwa ovyo, kazi hiyo inalegea na majirani wanaipata. Wakazi wa Webuye, magharibi mwa Kenya, walioishi na kiwanda cha karatasi kwa miongo, wanaikumbuka harufu kama ya yai viza na mabati yaliyoliwa na kutu.

Misindano ya kupandwa ni tofauti na msitu wa asili, na mti unaopandwa tena unavuta tena hewa ukaa. Sikubali, hata hivyo, kwamba shamba la miti ya aina moja ni sawa na msitu. Ndege na wadudu wa msitu wa asili hawaishi humo, na maji ya vijito hupungua pale miti yenye kiu inapopandwa karibu na chanzo.

Na plastiki je, inatengenezwa na nini?

Mafuta na gesi. Etilini inayopatikana humo inaunganishwa kuwa minyororo mirefu, ndiyo polietilini. Viwanda vyetu huagiza punje zake kutoka nje, vinaziyeyusha na kuzipuliza kama puto refu linalokatwa kuwa mifuko. Kazi hiyo ni ya haraka, rahisi na haitumii maji mengi. Bakteria wa udongoni hawajui kuimeng'enya minyororo hiyo, na huo ndio mzizi wa shida yote.

Karatasi si huoza? Basi hata ikitupwa haina neno.

Inaoza, lakini namna ya kuoza ina maana. Karatasi iliyo kwenye shimo la mboji lenye hewa inarudi kuwa udongo na kutoa hewa ukaa ile ile ambayo mti uliivuta. Karatasi iliyofukiwa chini ya lundo la dampo, kama Pugu Kinyamwezi au Dandora, inaoza bila hewa na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 inapasha dunia joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa kwa uzito ule ule. Plastiki iliyofukiwa hapo hapo haitoi methani ya kutajika, imelala tu. Kwa hiyo dampo ni mahali pengine ambapo karatasi inapoteza, na ni jambo ambalo wauzaji wa mifuko ya kaki hawalitaji.

Ile mifuko laini ya rangi tunayouziwa dukani si ya kitambaa?

Hapana. Ni polipropilini, yaani plastiki, iliyobanwa kwa joto bila kufumwa. Ikichakaa inatoa nyuzi na vipande vya plastiki kama plastiki nyingine.

Hilo haliufanyi kuwa mfuko mbaya. Ukiwa mzito wa kutosha ni chombo kizuri: mara 11 za utafiti wa Uingereza ni miezi mitatu hivi kwa mtu anayefanya manunuzi makubwa kila wiki, na mfuko imara unavuka hapo bila shida. Ndiyo maana Tanzania iliweka kiwango cha uzito wa gramu 70 kwa kila mita ya mraba. Shida ni ile hafifu, inayopasuka mshikio kabla hujafika kituo cha daladala. Huo una plastiki nyingi kuliko rambo na unaishi siku moja kama rambo. Kenya ilikumbana na jambo hilo hilo: mwaka 2019 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitangaza kuizuia kwa sababu ya ubora duni, na suala likafika mahakamani.

Kabla ya kulipa, ushike mfuko kwenye mwanga. Ukiona mkono wako upande wa pili, uache. Tafuta pia maandishi yanayoonyesha mtengenezaji na uzito unaoweza kubebwa.

Pamba basi?

Kama tayari unao mfuko wa pamba, utumie mpaka uishe. Usinunue wa pili. Kilimo cha pamba kinadai maji, mbolea na dawa, na mifuko kumi ya pamba ya mikutano na semina iliyotundikwa nyuma ya mlango ni deni kubwa kuliko rambo nyingi sana. Mfuko ulioshonwa kwa kanga iliyochakaa au suruali ya zamani ni habari nyingine, maana kitambaa hicho kilikwisha kulipiwa gharama yake.

Vikapu vyetu vya asili vinaingia wapi katika hesabu hii?

Tafiti za Ulaya hazikuvipima, kwa hiyo siwezi kukupa namba. Naweza kukueleza kilichomo. Kikapu cha ukili kimetoka kwenye makuti machanga ya mkindu, yaliyokatwa bila kuuangusha mti, yakaanikwa juani na kusukwa kwa mkono. Vikapu vya Iringa husukwa kwa milulu inayoota kwenye maeneo yenye maji. Kiondo ni katani. Pakacha ni kuti la mnazi lililosukwa papo hapo, kazi ya muda mfupi kwa mwenye mkono mzoefu, na likichoka linaozea chini ya mnazi ule ule. Hakuna kiwanda, hakuna magadi, hakuna punje zilizovuka bahari. Na kikapu kizuri kinadumu miaka, kinabeba kilo nyingi na hakipasuki kikilowa.

Nina ombi hapa kwa wanaume. Kina mama hawajawahi kuacha kubeba vikapu sokoni. Tunaoona haya kutoka ofisini na kikapu mkononi ndio tunaomaliza mifuko ya dukani. Kiroba cha unga kilichooshwa, salfeti iliyokunjwa, hata lile begi kubwa la shangazi kaja kwa manunuzi ya mwezi, vyote vinafanya kazi. Ni plastiki, ndiyo, lakini vipo tayari na vinatumika tena na tena.

Nyama na samaki nibebee nini?

Chombo chenye mfuniko. Ndoo ndogo, bakuli la plastiki, hotipoti ya zamani. Karatasi hailiwezi jambo hili: inalowa damu, inachanika, na muuzaji huishia kuweka karatasi juu ya nailoni juu ya karatasi. Ukienda soko la samaki la Feri bila ndoo utarudi na nailoni tatu. Wauza bucha wengi hawakatai kupimia nyama ndani ya chombo chako, mradi mzani urudishwe sifuri kwanza. Mwombe afanye hivyo mbele yako.

Je, karatasi za mifuko ya saruji na magazeti zinafaa kufungia chakula?

Kutumia tena mfuko wa saruji kutengeneza bahasha za kaki ni ubunifu mzuri kwa misumari, nguo au viatu. Kwa chakula, hapana. Vumbi la saruji ni kali na halitoki lote kwa kukung'utwa. Gazeti nalo lina wino, na mafuta ya chipsi au ya bagia yanaunyonya. Kuokoa mazingira hakuhitaji mtoto ale wino.

Mifuko iliyoandikwa "inaoza" ni jibu?

Mara nyingi hapana. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni plastiki ya kawaida iliyotiwa dawa ya kuiharakisha kukatika. Inageuka chembe mapema zaidi, haigeuki udongo, na Umoja wa Ulaya umepiga marufuku bidhaa zake tangu Julai 2021. Ya pili hutengenezwa kwa wanga wa mimea na inaoza kweli, lakini nyingi zinahitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi karibu 60. Ikitupwa baharini au mtaroni inakaa kama plastiki nyingine kwa muda mrefu.

Kwa nini tusirejeleze tu?

Waokota taka wanaijua hesabu kuliko sisi. Chupa za maji wanazikusanya kwa sababu zinajaza kilo na zina mnunuzi. Mfuko wa gramu chache, wenye mchanga na mabaki ya nyanya, haumlipi mtu jasho lake, na huzisonga mashine za kuchambua. Karatasi inarejelezwa vizuri ikiwa kavu na safi, lakini nyuzi zake hufupika kila mara, na iliyoloa mafuta haifai. Itenge kabla haijachanganyika na taka za jikoni.

Adhabu zikoje?

Kanuni za Tanzania za 2019 ni hizi: anayekutwa na mfuko wa plastiki au kuutumia hutozwa kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote. Muuzaji ni kati ya 100,000 na 500,000 au kifungo kisichozidi miezi 3. Mtengenezaji na mwagizaji ni kuanzia milioni 20 hadi bilioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 2. Vifungashio vya dawa, viwanda, kilimo na ujenzi vina ruhusa yake. Kenya ni kali zaidi: shilingi za huko milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Mgeni anayekuja kwa ndege aache mifuko ya dukani alikotoka.

Nina duka dogo. Nifanyeje bila kupoteza wateja?

Usitoe mfuko kabla ya kuulizwa. Mwenye sabuni moja na kiberiti ana mikono. Uza mfuko mmoja imara kwa bei inayouma kidogo, kwa sababu mfuko wa kulipia hurudi na wa bure haurudi. Maboksi yaliyoleta bidhaa yaweke mlangoni, wateja wa mizigo mikubwa watayachukua. Na punguza bei kidogo kwa anayekuja na kikapu, hata kama ni kumwongezea pipi ya mtoto.

Nina rundo la rambo za zamani nyumbani. Nizifanyeje?

Usizichome, na tafadhali usiwashie nazo mkaa. Najua zinashika moto haraka, na jikoni kwetu wengi tulikua tukiona zikifanya hivyo. Moshi ule una masizi na gesi zinazoingia moja kwa moja kwenye mapafu ya anayepuliza jiko, na rangi za mfuko zinaongeza vyake. Tumia maganda ya nazi yaliyokauka au vijiti vyembamba. Usizizike shambani pia, kwa sababu zinazuia maji na mizizi. Zikusanye zote ndani ya moja, zikiwa kavu, kisha uliza ofisi ya serikali ya mtaa au ya kata wanazipokea wapi, au mpelekee mrejelezaji anayetengeneza matofali au nguzo za plastiki ikiwa yupo mjini kwenu. Usimwachie mtoto kazi ya kuzipeleka.